Kompyuta inayopozwa kwa maji: tone lililoonekana kabla ya umeme si hasara

Mwezi wa Juni 2004, kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza kompyuta mpya ya mezani: Power Mac G5 yenye prosesa mbili za gigahezi 2.5, kwa bei ya dola 2,999. Ndani ya sanduku lake la aluminiamu kulikuwa na kitu ambacho wanunuzi wengi hawakuwahi kukikuta katika kompyuta iliyotoka dukani: pompi, radiatere, na maji yenye dawa yakizunguka kama ndani ya gari.

Apple haikufika huko kwa kupenda. Mwaka mmoja mbele ya hapo, Juni 2003, Steve Jobs alisimama mbele ya watengenezaji wa programu akaahidi kwamba katika muda wa miezi 12 prosesa ya G5, iliyotengenezwa na IBM, ingefika gigahezi 3. Miezi 12 ikapita, gigahezi 3 hazikuonekana, na hata zile 2.5 zilitoa joto jingi kutoka kwenye kipande cha silikoni kilicho kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mashine za kwanza zilikuwa na feni 9, na kwa mashine hiyo mpya feni peke yake hazikutosha tena. Kazi ya kupoza ikapewa Delphi, kampuni iliyojulikana kwa vipuri vya magari.

Miaka michache baadaye wamiliki wakaanza kukuta alama za kimiminika chini ya mashine zao. Pete za mpira zinazoziba viungo zilikuwa zimechoka. Maji yalitoka polepole, siku baada ya siku, yakateremka hadi chini ya sanduku, mahali ambapo Apple ilikuwa imeweka boksi la umeme. Wengine waliona mapema. Wengine walijua tu asubuhi ile mashine ilipokataa kuwaka, na walipofungua wakakuta kutu kwenye saketi. Juni 2005 Jobs alikiri hadharani kwamba ahadi ya gigahezi 3 haikutimia, akatangaza kwamba Apple inahamia kwa prosesa za Intel. Mac Pro iliyotoka Agosti 2006 ilipozwa kwa feni.

Kisa hicho ni cha zamani, lakini ndicho cha kwanza kukumbuka kwa kijana yeyote wa Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi anayetaka kujijengea kompyuta inayopozwa kwa maji, kwa michezo, kwa kuhariri video au kwa michoro ya ujenzi. Delphi ilikuwa na wahandisi, viwanda, na ujuzi wa miaka mingi wa radiatere, na mashine zake zilivuja. Gari likivuja, maji yanadondoka barabarani na shoferi anaongeza mengine kwenye bidoni. Kompyuta ikivuja, maji yanadondoka juu ya saketi za mamia ya dola, pamoja na kazi yote ambayo mwenyewe hakuinakili mahali pengine.

Kwa nini maji

Sababu ya kuhangaika na maji ni moja: yanabeba joto kuliko hewa, tena kwa tofauti kubwa sana. Lita moja ya maji ikipanda nyuzi moja ya joto, inakuwa imebeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lile ambalo lita moja ya hewa ingebeba. Maji hupita ndani ya bloku ya shaba iliyobanwa juu ya prosesa, yanachukua joto, yanaenda kwenye radiatere ambako feni zinalipuliza nje, kisha yanarudi. Pompi ndogo inayasukuma, na tangi dogo linashika akiba.

Si jambo geni. IBM ilipoza kompyuta zake kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960, na mwaka 1980 ilitangaza IBM 3081, ambayo prosesa zake zilikaa katika masanduku ya chuma yaliyopozwa kwa maji. Wahandisi wa Cray-2, mwaka 1985, walikwepa kabisa hatari ya maji: walizamisha saketi zote katika kimiminika cha kampuni ya 3M kisichopitisha umeme. Leo maji yamerudi kwa nguvu kwa sababu ya akili bandia. Kabati la NVL72 ambalo NVIDIA ilionyesha Machi 2024 lina prosesa za picha 72 na linakula umeme wa kilowati 120 hivi. Hakuna feni inayoweza kutoa joto la namna hiyo katika kabati moja.

Kwa wakaaji wa Kivu kuna jambo jingine, ambalo vitabu vya maelekezo vinavyotoka Ulaya au Asia havilikazii. Goma na Bukavu ziko kwenye urefu wa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na feni ile ile inasukuma uzito mdogo wa hewa kuliko ambavyo ingesukuma Matadi au Dar es Salaam. Mashine inayopozwa vizuri kule pwani inaweza kuwa na joto kidogo zaidi hapa. Hilo halimlazimishi mtu kwenda kwenye maji, maana hata radiatere ya maji inategemea hewa hiyo hiyo mwishoni. Ukweli ni kwamba kwa watu wengi feni kubwa nzuri juu ya bomba za shaba inatosha, inagharimu kidogo, na haijawahi kumwagikia mtu kadi mama. Maji yana maana kwa yule mwenye prosesa na kadi ya picha zinazofanya kazi kwa nguvu saa nyingi, au kwa yule anayependa kazi yenyewe. Na hiyo ya pili ni sababu halali.

Si maji peke yake yanayoua

Watu wengi wanaamini kwamba tone la maji likigusa saketi, saketi imekufa. Si hivyo. Viwanda vinavyotengeneza kadi za kompyuta huziosha nyingi kwa maji safi kabla ya kuzikausha na kuzipima. Saketi iliyolowa bila umeme, ikioshwa na kukauka kabisa, mara nyingi inapona.

Kinachoua ni maji na umeme kwa pamoja. Umeme ukipita katika tone, unatafuta njia fupi kati ya sehemu mbili zisizotakiwa kukutana, na hapo sehemu inaungua papo hapo. Au, bila moshi wala kelele, unang'oa chuma upande mmoja na kukipeleka upande mwingine kupitia lile tone, hadi waya mwembamba wa saketi unakatika au unaota matawi yanayogusa jirani yake. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mashine inaendelea kufanya kazi kwa siku au wiki huku ikiliwa ndani. Power Mac nyingi zilikufa kwa njia hiyo: zilivuja kidogo kidogo zikiwa zinatumika, na hakuna aliyezifungua kutazama.

Kwa hiyo suala halisi kwa anayejenga si kuapa kwamba hakutakuwa na tone. Tone litakuja, kama si leo basi baada ya miaka 4. Suala ni lini litaonekana. Likionekana kabla kadi mama haijapewa umeme, ni kazi ya kitambaa na dakika tano. Likionekana baadaye, ni hasara.

Mahali tone linapotokea

Katika mzunguko wa kawaida wa maji kuna viungo, au rakori kama mafundi wa maji wanavyosema, karibu 10 hadi 14. Kila kiungo ni mlango unaoweza kuvuja. Mpira wenyewe haupasuki mara nyingi, na bloku za shaba hazitoboki ovyo. Maji hutoka pale vitu viwili vinapokutana.

Karibu viungo vyote vinavyouzwa kwa kazi hii vina nyuzi za ukubwa mmoja, G1/4, yaani robo inchi. Tofauti na bomba la maji la nyumbani, nyuzi hizo haziwekewi utepe mweupe. Kinachoziba ni pete ndogo ya mpira inayokaa chini ya shingo ya kiungo. Kosa la kwanza la fundi aliyezoea mabomba ya chuma ni kuchukua ufunguo na kukaza kwa nguvu zote. Pete inabanwa kupita kiasi, inajikunja na kutoka mahali pake, au inakatika. Mbaya zaidi, tangi na vifuniko vingi vya bloku ni vya plastiki ngumu inayong'aa, na plastiki hiyo inapata ufa mdogo kuzunguka tundu. Ufa huo hauonekani siku ile. Kiungo kinakazwa kwa vidole mpaka kishike, na robo ya mzunguko juu yake kama ni lazima. Basi.

Kosa la pili liko kwenye mpira laini uliokatwa kwa mkasi. Mkasi unaubana mpira na kuacha mdomo ulioinama, na mdomo ulioinama haukai sawa kwenye kiungo. Kisu kikali kipya, na kipande cha ubao wenye pembe ya kulia cha kuegemezea, vinatosha. Wanaotumia mabomba magumu ya plastiki ya rangi, yale ya kwenye picha nzuri, wana kazi zaidi: ncha zikatwe wima kabisa, zisuguliwe kwa msasa hadi zisiwe na makali, maana ukali huo ndio unaokata pete ya mpira wakati bomba linasukumwa ndani. Pete ilowanishwe kwa tone la maji safi kabla ya kuingiza bomba. Bomba gumu pia lisilazimishwe kuinama ili lifike mahali pake. Litaendelea kuvuta kiungo upande mmoja kila siku, na joto likipanda linalegea. Kwa ujenzi wa kwanza, mpira laini. Uzuri utakuja na mashine ya pili.

Kupima bila kuwasha

Hapa ndipo muda wa fundi unapaswa kwenda, na ndipo watu wengi wanapokosa uvumilivu. Mashine imeshajengwa, inang'aa, marafiki wameshafika kuitazama, na bado mtu anaambiwa asubiri siku nzima.

Njia ya kwanza ni kupima kwa hewa kabla tone lolote la maji halijaingia. Mzunguko wote unafungwa, unajazwa hewa kidogo kwa pampu ya mkono yenye saa ya kipimo, kisha mtu anaangalia kama mshale unashuka. Hewa isiwe nyingi. Pompi inayotumiwa sana, ile inayojulikana kwa jina la D5, haiwezi kuinua maji kupita mita 4 hivi, maana yake kani yake haizidi bari 0.4 hivi. Kupima kwa nusu bari kunatosha. Kujaza kama gurudumu la baiskeli kunaweza kupasua tangi.

Vipimo hivyo vinauzwa Ulaya na Asia kwa makumi ya dola, lakini wajenzi wa nyumbani wamegundua zamani kwamba kuna kifaa karibu sawa katika kila duka la dawa: kile cha kupimia presha ya damu, chenye mpira wa kubonyeza kwa mkono. Saa yake inafika 300, na milimita 300 za zebaki ni bari 0.4 kamili. Kinachotakiwa ni kukiunganisha na kiungo kimoja cha mzunguko bila kuacha mwanya. Kwanza kipimo kipimwe chenyewe, kwa sababu mpira wa kubonyeza uliozeeka huvuja, na fundi anaweza kutafuta usiku kucha tundu ambalo liko mkononi mwake. Mshale ukikaa palepale kwa nusu saa, kazi ni nzuri. Ukishuka kidogo wakati jua limehama dirishani, ni hewa imepoa, na kipimo kirudiwe. Ukishuka kila mara kwa mwendo ule ule, kuna tundu. Maji ya sabuni yaliyopakwa kwa brashi kwenye kiungo kimoja kimoja yatatoa povu mahali husika, kama kwa fundi wa magurudumu. Sabuni isifike kwenye kadi.

Faida nyingine ya njia ya hewa ni kwamba haihitaji umeme. Katika mji ambako SNEL inakata bila kuaga, si jambo dogo.

Njia ya pili ni maji yenyewe, na ile ya kwanza haifuti hii. Boksi la umeme linaondolewa kwenye kadi mama, kadi ya picha, diski, kila kitu. Inabaki pompi peke yake. Boksi la umeme halijiwashi bila amri ya kadi mama, kwa hiyo linadanganywa: kwenye plagi kubwa ya pini 24, waya wa kijani unaunganishwa na waya mmoja mweusi kwa kipande kifupi cha waya au kwa plagi ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Maboksi mengi ya sasa yana waya zote nyeusi. Hapo mtu asibahatishe, pini ya 16 ndiyo ile ya kijani, na plagi iliyotengenezwa tayari ni salama kuliko kuhesabu gizani.

Chini ya kila kiungo inawekwa karatasi laini nyeupe, ile ya chooni inafaa sana kwa sababu inaonyesha tone dogo mara moja. Tangi linajazwa, pompi inawashwa kwa sekunde chache, inazimwa, tangi linajazwa tena. Pompi isizunguke kavu hata kidogo, kwa sababu maji ndiyo mafuta yake. Mzunguko ukijaa, sanduku linainamishwa taratibu huku na huku ili mapovu yatoke, na katika tangi inaachwa nafasi ndogo ya hewa, maana maji yakipata joto yanaongezeka na lazima yawe na mahali pa kwenda. Halafu pompi inaachwa izunguke. Wengi wanasema saa 24. Umeme ukikatika katikati, si kitu: karatasi zinabaki, maji yanabaki kwenye viungo, na saa zinaendelea kuhesabiwa umeme ukirudi. Tahadhari moja tu: boksi lichomolewe wakati wa kukatika, kwa sababu umeme unaporudi unaweza kuja kwa kishindo.

Karatasi iliyolowa si aibu. Ndiyo kazi iliyolipiwa kwa zile saa 24.

Maji ya ziwa hapana

Swali linaloulizwa haraka ni: maji gani? Maji ya bomba hayafai popote, na Goma hayafai zaidi. Maji ya Ziwa Kivu yamebeba madini mengi yaliyoyeyuka, urithi wa volkano na chemchemi za chini ya ziwa. Yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya mito mingi, na yakipata joto yanaacha ukoko mweupe, ule ule ulio ndani ya birika za nyumbani. Katika bloku ya shaba yenye mifereji myembamba kuliko milimita moja, ukoko huo unaziba.

Yanatakiwa maji yaliyochujwa madini yote, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na majani ya kijani ya majini, au kimiminika kilichotengenezwa tayari kwa kompyuta. Kwenye maduka ya vipuri vya magari kuna chupa za maji ya batri, na hapo lazima kusoma vizuri kabla ya kufungua: chupa moja ni maji safi ya kuongezea batri, nyingine inayofanana nayo ni asidi ya kujazia batri mpya. Asidi hiyo inakula ngozi, macho na chuma.

Wauzaji wa vimiminika vya rangi huandika kwamba bidhaa yao haipitishi umeme. Kauli hiyo ni kweli siku chupa inapofunguliwa. Baada ya miezi ndani ya shaba, nikeli na vumbi lililobaki kwenye radiatere mpya, kimiminika hicho kimeokota chembe za chuma na kinapitisha. Likidondoka juu ya kadi yenye vumbi, tone lililokuwa safi linachafuka kwa sekunde moja. Hakuna anayepaswa kuacha kupima eti kwa sababu ya maandishi ya chupa.

Na metali zisichanganywe. Bloku ya shaba na radiatere ya aluminiamu katika maji yale yale zinakuwa batri ndogo. Aluminiamu ndiyo inayoliwa, taratibu, hadi inatoboka. Hilo pia ni kuvuja, ila linachukua mwaka au miwili kuonekana, wakati mjenzi ameshasahau alichonunua. Radiatere nzuri za kazi hii zina mifereji ya shaba au shaba nyekundu na njano. Mkongomani anayeishi katika moja ya nchi zinazotoa shaba nyingi zaidi duniani anaweza kucheka kidogo kwamba shaba hiyo inamrudia kutoka Asia ikiwa bloku ya dola 80, lakini ainunue. Radiatere ya bei rahisi isiyosema imetengenezwa kwa nini, kwa kawaida ni aluminiamu.

Tone likidondoka mashine ikiwa inafanya kazi

Hapo hakuna kuhifadhi faili, hakuna kuzima kwa kubofya. Umeme unakatwa ukutani au kwenye swichi ya nyuma ya boksi, na waya unachomolewa. Kompyuta iliyozimwa kwa kitufe cha mbele bado ina volti 5 zinazosubiri ndani ya kadi mama kwa muda wote ambao imechomekwa, na volti hizo zinatosha kuendeleza uharibifu. Kisha inatolewa ile batri bapa ya duara iliyo juu ya kadi mama, kwa sababu nayo ni umeme.

Sanduku linalazwa upande ambao maji hayatapita juu ya sehemu nyingine. Maji yanatolewa kwenye mzunguko, vipande vinafunguliwa kimoja kimoja. Kadi iliyolowa kwa kimiminika chenye dawa au rangi haikaushwi tu. Dawa inabaki pale ikikauka na baadaye inanyonya unyevu wa hewa. Inaoshwa kwanza kwa maji yasiyo na madini, halafu kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na brashi laini, hasa chini ya plagi na pembeni ya matundu ya kadi ambako maji hujificha. Mchele hausaidii kitu, unaacha unga. Mashine ya kukaushia nywele ikiwa ya moto inasukuma maji ndani zaidi na kulegeza plastiki. Feni ya kawaida na siku mbili zinatosha; wakati wa mvua ya masika Bukavu, tatu.

Boksi la umeme likiingia maji, uamuzi ni mwingine. Ndani yake kuna vihifadhi umeme vinavyoweza kumpiga mtu hata baada ya kuchomolewa. Asiye fundi wa umeme asilifungue. Linabadilishwa, hata kama linauma mfukoni.

Baada ya kukausha, kadi inatazamwa kwa taa na kioo cha kukuzia. Alama za kijani au nyeupe kwenye miguu ya vipande zinaonyesha kutu imeanza. Zikisuguliwa mapema zinaondoka. Wakati wa kuwasha tena, kadi mama inawashwa kwanza na vitu vichache, bila kadi ya picha ya bei ghali, na bila diski yenye kazi ya mwaka mzima.

Barabara na mashine za okazioni

Wengi hawatajenga, watanunua. Kati ya kompyuta za okazioni zinazofika kutoka Ulaya au Dubai, baadhi zina mfumo wa maji uliofungwa kiwandani, radiatere moja na mipira miwili, usio na mahali pa kujazia. Mifumo hiyo inavuja mara chache, lakini haikosi umri. Maji yake yanapungua taratibu kwa kupenya kwenye mpira hata bila tundu, na pompi inaanza kutoa sauti ya kugugumia. Mnunuzi anaweza kuangalia mambo mawili tu ya haraka: mabaki yaliyokauka mahali mpira unapoingia kwenye bloku, yanayofanana na chumvi, na alama za maji juu ya kadi ya picha iliyo chini yake. Zikionekana, bei ishuke au mkono urudi mfukoni. Mfumo huo wa maji unaweza kutolewa na kuwekwa feni mahali pake.

Safari ni jambo jingine. Mashine iliyojengwa Goma ikipandishwa kwenye kamyo kwenda Butembo, au kutoka Bukavu kwenda Uvira, viungo vyake vinatikiswa kwa saa nyingi kuliko ambavyo vingetikiswa mezani kwa miaka. Mzunguko uliojengwa kwa mkono unamwagwa maji kabla ya safari, na unapimwa upya ukifika, kwa hewa na kwa karatasi, kama vile ni mpya. Ule uliofungwa kiwandani hauwezi kumwagwa, kwa hiyo radiatere inafungwa vizuri isining'inie, na mashine inasafiri imelala, kadi mama ikiwa chini na bloku juu yake, ili uzito usivute viungo.

Mara moja kwa mwaka maji yanabadilishwa na pete zinaguswa kwa kidole. Ile iliyokuwa laini na sasa ni ngumu kama plastiki inatupwa. Ni kipande cha senti chache, na ndicho kilichoziangusha Power Mac. Baadhi ya wapenzi wa mashine hizo za 2004 bado wanazifungua hadi leo, wanaosha kutu, wanaweka pete mpya na maji mapya, wanaziacha zizunguke siku nzima juu ya karatasi nyeupe, halafu ndipo wanabonyeza kitufe.